Ganuni, kanuni au qanun?

Wadau, suala la jinsi ya kutamka jina la ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, bado ni moto, nami nina langu. Wapo wanaoshikilia kwamba mpigaji aliyesoma muziki hana budi kutamka qanun, kwa qaf, ile herufi ya Kiarabu ya kooni, kama Waarabu wenyewe, na wazee wa taarabu wakisema "ganuni" wanasahihishwa mbele za watu. Sikubaliani nao hata kidogo.

Kwanza, Mwarabu yupi? Taarabu ya Unguja inahusishwa na Misri tangu enzi za Sultani Barghash, na huko Cairo, katika mazungumzo ya kawaida, watu huimeza qaf, ikabaki mkato tu wa kooni. Nenda Hadhramaut kule Yemen, au kwa mabedui wa Oman, qaf hiyohiyo inatoka kama g. Basi g ya ganuni ina kwao. Na k ya kanuni imepita njia ya kalamu, kahawa na wakati, maneno ambayo hakuna anayetukosoa tukiyatamka.

Udi nao asili yake ina ain, herufi nyingine ya kooni ya Kiarabu, mwanzoni, na sijamsikia mtu akidai tuirudishe. Fidla na kodiani ni za Ulaya, tashkota ya Mombasa, ala ya nyuzi yenye vibonye, ni ya Japani, ambako huitwa taishogoto. Zote zimeshakuwa zetu kwa matamshi yetu.

Lakini wanaosema kila mtu atamke apendavyo pia siwaungi mkono. Cello, ile ala kubwa ya jamii ya fidla, ni neno la Kiitaliano na c yake hapo ni ch, sauti ambayo sisi tunayo tangu zamani. Anayesema "selo" amefuata herufi tu. Iwe chelo. Sauti tuliyonayo tuitoe ilivyo, tusiyokuwa nayo tuitamke Kiswahili, na jina ambalo wapigaji wameshalizoea liachwe lilivyo.

Linaloniuma zaidi ni hilo la kuwasahihisha wazee. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zimepangwa tatutatu kwa sauti moja. Mzee anainama na ufunguo wake, anakaza huu, analegeza ule, sikio tu ndilo linalomwongoza, mpaka zote tatu zilie kama mmoja. Halafu anatokea kijana ambaye hata kuilinganisha hajui, anamwambia hajui jina la ala yake!

Wapigaji wa Mombasa na Lamu, kwenu mnatamka g au k? Na nani aliyewafundisha hivyo?