Naomba ushauri: nimechaguliwa shemasi, naambiwa niache ufagio

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naishi Kayole, na ni mshirika wa kanisa la Kibaptisti. Mwezi uliopita washirika walinipigia kura niwe shemasi, maana kwetu mkutano wa kanisa ndio huamua. Miaka yote mimi hufika mapema Jumapili, nafagia na kupanga viti kabla ya darasa la ubatizo ninalofundisha. Sasa shemasi mmoja mzee ameniambia kazi hiyo niwaachie vijana, eti naishushia heshima nafasi yangu.

Usingizi umenipaa. Wale saba wa Matendo ya Mitume 6, tunaowahesabu kuwa mashemasi wa kwanza, walichaguliwa kuhudumu mezani, wajane wasisahaulike katika huduma ya kila siku. Na katika Yohana 13 Bwana mwenyewe alijifunga kitambaa, akawaosha wanafunzi miguu, hata Petro aliyekataa. Nitalifundishaje hilo nikiwa nimeketi mbele, wanafunzi wangu wakifagia?

Lakini mzee huyu ndiye aliyenifundisha kabla sijazamishwa majini. Sitaki kumvunjia heshima, wala jambo hili lifike mkutanoni. Nimwendee nyumbani peke yangu, au nimwone mchungaji kwanza? Mliopitia haya, mlianzaje mazungumzo?