Nawatazamaje watoto wakicheza nje bila kudanganywa na wenye kelele?

Mwanafunzi_Malezi:
Wakuu, naomba msaada. Natafiti mchezo huru wa nje na stadi za kijamii kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Nimekaa uwanjani siku nne, daftari limejaa mtoto mmoja tu: mwenye sauti, anayeamrisha zamu za bembea. Wale wakimya wana mistari miwili mitatu. Jana wawili waligombea tairi, nikaandika "ugomvi". Kuinua macho, wamekaa ndani ya tairi hilohilo, limeshakuwa mashua. Sasa hapo nimepima nini? Na nikishika kalamu tu wananizunguka: "Umemwandika na huyu?" Msimamizi wangu anataka namba.

Mwalimu_Mstaafu:
Pole mwanangu. Daftari lako limefuata kelele. Dawa yake ni ya zamani: Mildred Parten, mtafiti wa michezo ya watoto, katika utafiti uliochapishwa 1932, alimtazama kila mtoto dakika moja moja kwa zamu. Andika majina yote, panga zamu kwa kura kila asubuhi. Dakika ikiisha unahama, hata kama pamenoga. (Itakuuma.)

Parten aliwagawa hivi: asiyejishughulisha, anayecheza peke yake, mtazamaji, anayecheza sambamba na mwenzake, anayechangamana bila mpango wa pamoja, na wanaoshirikiana kwa lengo moja. Ila usiyafanye makundi hayo ngazi, kwamba mtazamaji yuko chini. Niliwahi kuwa na binti aliyesimama kando ya shimo la mchanga karibu wiki nzima. Nikamhurumia, nikamshika mkono nimwingize, akarudi nyuma. Siku moja wachimbaji waliishiwa maji. Akaja na kopo limejaa, hakusema neno, akamimina. Wakamsogezea nafasi. Kumbe muda wote alikuwa anausoma mchezo.

Kuhusu kukuzunguka: kaa nao siku kadhaa kabla ya kuanza kukusanya data, mpaka wakuchoke. Wakikuletea kesi, usiamue.

Mpenda_Takwimu:
Tukio la tairi uliliita ugomvi mapema mno. Mieleka ya mchezo ina kicheko, wanapokezana kuwa juu na chini, na ikiisha mara nyingi wanabaki pamoja. Ugomvi wa kweli huwatawanya. Kwa hiyo andika nani alianza, uliishaje, na kama mtu mzima aliingilia. Mimi ningeuweka utafiti wote hapo, kwenye namna wanavyopatana.

Tafuta pia mwenzako amtazame mtoto yuleyule, dakika ileile, kisha mlinganishe kwa kappa ya Jacob Cohen (1960), kipimo cha jinsi watazamaji wawili wanavyokubaliana, kinachoondoa makubaliano ya bahati. Na usikimbilie kusema uwanja ndio uliowafundisha. Huenda wenye stadi ndio wanaojazana nje. Walewale watazame na ndani pia.

Mwanafunzi_Malezi:
Asanteni sana. Nimejaribu leo. Dakika ya saba ilimwangukia mmoja wa wale wakimya. Alikuwa amechuchumaa karibu na bembea, anahesabu kwa vidole kila inapokwenda na kurudi. Vilipofika kumi alimtazama yule mwenye sauti, akatikisa kichwa. Yule akapaza: "Shuka! Zamu imeisha!" Siku nne nilikuwa nasikia amri tu, nisione inakotoka.

Kwenye fomu niliweka tiki kwenye "mtazamaji", kisha nikaifuta.