Mrejesho: kitabu cha picha za harusi kwa bei nafuu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuwatengenezea wateja kitabu cha picha chenye jalada gumu bila kuagiza nje. Mlioniambia niachane na gundi tupu, nishone kwa uzi, Mungu awabariki. Nilichapa kurasa 32 kwenye karatasi ya gramu 150 (uzito wa mita moja ya mraba), fundi wa kujalidi hapa Kariakoo akazikunja mafungu mawili ya kurasa 16, akashona. Kinalala wazi mezani, hata karatasi moja haijachomoka, na gharama imeshuka karibu nusu. Bibi harusi alikikumbatia kifuani.

Kilichogoma ni picha ya kurasa mbili: wino wa leza umepasuka kwenye mkunjo, mstari mweupe ukampita bwana harusi usoni. Aliyenionya nikunje kwa kufuata nyuzi za karatasi (yaani upande ambao nyuzinyuzi za karatasi yenyewe zimelala), nilikupuuza. Niwie radhi kaka, nakala ijayo nafuata.