Kizunguzungu cha mwaka mzima: nimetibiwa malaria, damu na presha, bado sijui ninaumwa nini

Mwalimu wa Morogoro

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, mwanamke wa miaka 43, na huu ni mwezi wa kumi na nne tangu kizunguzungu kianze kunisumbua. Kilinianza alfajiri moja nilipogeuka kitandani ili nizime kengele ya simu: chandarua na dari vilizunguka kama pia, nikashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili nikidhani nyumba inaanguka. Kilipotulia nilitapika. Tangu hapo sijapata wiki nzima ambayo ardhi imetulia chini ya miguu yangu.

Nimetibiwa malaria mara mbili na homa ya matumbo mara moja, nikaambiwa damu imepungua na kupewa vidonge vya madini ya chuma, kisha nikaambiwa ni presha, ingawa kila nikipimwa huwa 120 kwa 80 au karibu na hapo. Mahali pa mwisho nilipokwenda niliandikiwa sinarizini, dawa ya kutuliza kizunguzungu, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia niiache lini, huu ni mwezi wa saba ninaimeza kila siku, nayo inanilaza usingizi mchana nikiwa kazini.

Kuandika ubaoni ndiko kunakoniumiza zaidi. Nikiinua uso ili niandike tarehe juu, nayumba kama mtu aliyesukumwa, kwa hiyo naandika katikati tu huku mkono wa kushoto umeshika ukingo wa ubao, na watoto wamekwisha kuzoea. Bodaboda nimeacha kupanda. Majirani wananiuliza kama ni mjamzito, na mama mkwe wangu, ambaye ananipenda kwa dhati, anataka nipelekwe kwa mganga.

Naomba mnisaidie: nianzie kwa daktari wa aina gani, na nimwelezeje ili nisirudi na vidonge vilevile?

Baba Neema, Tanga

Pole sana mwalimu. Hiyo habari ya chandarua kuzunguka ulipogeuka kitandani imenishtua, kwa sababu ndivyo nilivyoanza mimi. Nilikuwa fundi wa kupaua nyumba na kwa karibu miaka miwili sikuweza kupanda ngazi. Changu kilikuja kila nilipolalia ubavu wa kulia au kuinua uso, na hakikufika dakika moja, lakini nilikuwa nikimwambia kila daktari kwamba nina kizunguzungu cha siku nzima, maana woga wake ulibaki siku nzima.

Nilipopata rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, alinikalisha juu ya kitanda, akageuza kichwa changu kulia, akanilaza haraka hadi kichwa kikaning'inia kidogo nje ya ukingo, kisha akayatazama macho yangu. Yalianza kucheza yenyewe. Akaniambia chembe za chokaa zilizo ndani ya sikio zimetoka mahali pake. Hapohapo akanigeuza kichwa taratibu upande wa kushoto, akanilaza ubavu nikitazama sakafu, akanikalisha tena, akisubiri kila hatua mpaka mzunguko utulie. Niliporudishwa mara ya pili kilikwisha. Kilirudi baada ya miezi minane, nikafanyiwa tena. Hakuna dawa niliyopewa.

Afisa tabibu, kitengo cha masikio, pua na koo

Mwalimu, siwezi kukutajia ugonjwa wako kupitia maandishi, ila naweza kukuambia tunachotafuta, kwa sababu katika kizunguzungu maelezo ya mgonjwa hutusaidia mara nyingi kuliko picha ya kichwa. Neno "kizunguzungu" peke yake halitufikishi popote, kwa kuwa mtu hulitumia anapoona vitu vinazunguka, anapohisi anaelea, anapoona giza akisimama, na hata anapokuwa na njaa. Tueleze badala yake kinadumu muda gani, kinaletwa na nini na kinaandamana na nini.

Kile cha sekunde chache kinacholetwa na kugeuza kichwa ni hicho cha chembe alichokieleza Baba Neema. Kipimo cha kulazwa haraka kilielezwa na madaktari Dix na Hallpike mjini London mwaka 1952, na tiba ya kugeuza kichwa kwa hatua ilichapishwa na daktari John Epley wa Marekani mwaka 1992; vyote viwili vinahitaji kitanda na mikono ya mtu aliyefundishwa, wala havihitaji mashine. Chembe hizo hazionekani katika picha ya kichwa ya MRI, hivyo majibu safi ya picha hayamaanishi kwamba huumwi. Mashambulizi ya dakika 20 hadi saa 12, pamoja na sikio kuvuma, kujaa na kupoteza usikivu, hutufanya tufikirie ugonjwa wa sikio la ndani uitwao Ménière, nasi huomba kipimo cha usikivu. Kikikujia unaposimama, tunakupima presha ukiwa umelala na tena baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu; namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, hicho ndicho chanzo cha kufuatilia. Mweleze daktari pia kama uliwahi kudungwa gentamaisini kwa siku nyingi, au streptomaisini ya kifua kikuu, kwa maana sindano hizo zinaweza kuharibu sikio la ndani.

Kuhusu sinarizini nasema kwa msisitizo, kwa kuwa naiona kila wiki. Hutuliza siku za mwanzo, lakini ikimezwa kwa miezi huzuia ubongo kujifunza upya kusawazisha mwili, na kwa baadhi ya watu huleta kutetemeka na kukakamaa. Nenda na pakiti yake, muulize daktari mpango wa kuiacha.

Kizunguzungu kikija ghafla pamoja na mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama, kuona vitu viwiliviwili au kushindwa kabisa kutembea, usisubiri miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Bi. Zuhura, Likoni

Pole mno dadangu. Changu mimi ni cha kuelea. Nikishuka kivuko cha Likoni, watu wote wanatembea na mimi bado niko majini mpaka adhuhuri, na dukani kwenye rafu ndefu zilizojaa bidhaa hushika toroli kama mkongojo. Ilichukua miaka mitatu kuambiwa kuwa ni kipandauso, kwa sababu kichwa hakiniumi kila mara. Lililonifumbua macho ni daftari: niliandika saa kilipoanza na kilipokoma, usingizi, chakula na siku za hedhi, na baada ya miezi miwili daktari aliona mwenyewe kwamba kilifuata kukosa usingizi na kukaa na njaa. Mama mkwe wako usigombane naye. Wangu nilimpa kazi ya kunisomea saa wakati wa shambulio, akaacha kuzungumzia wachawi.

Mwalimu wa Morogoro

Nimerudi baada ya wiki sita, na nawashukuru nyote. Daftari lilinionyesha nisilolijua: nina vizunguzungu viwili. Kimoja ni cha sekunde arobaini hivi, nikigeukia kulia au nikitazama juu. Kingine ni kuelea kwa siku nzima, kikali zaidi sokoni na barabarani penye magari mengi. Daktari wa masikio alipolisoma alinilaza siku hiyohiyo, macho yakacheza upande wa kulia, akanifanyia zile hatua, na niliporudi wiki iliyofuata hayakucheza tena. Sasa naweza kuandika tarehe juu ya ubao.

Cha kuelea kimebaki. Ameniambia kwamba mwili uliojilinda mwaka mzima hubaki umejikaza hata chanzo kikiondoka, na kwamba vigezo vya kuutambua ugonjwa huo vilichapishwa mwaka 2017 tu, hivyo nisiwalaumu sana walionitibu kabla ya kufika kwake. Ameniachisha sinarizini, na mtaalamu wa fiziotherapia amenipa mazoezi ya kukaza macho kwenye herufi iliyobandikwa ukutani huku nikigeuza kichwa kushoto na kulia, mara tatu kwa siku. Siku nne za kwanza yalinizidishia hali hadi nikalia.

Bi. Zuhura, kama na wewe ulipewa mazoezi haya, naomba unieleze yalikuzidishia kwa muda gani kabla hujaona nafuu, na je, uliyafanya hata siku ambazo ulikuwa hujalala vizuri?