Naomba ushauri: njia moja ya treni, sarafu tatu

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mwezi ujao nasafiri kwa treni kutoka Berlin kupitia Prague na Vienna hadi Budapest. Ujerumani na Austria wanatumia yuro, lakini Ucheki ni koruna na Hungaria ni forinti, na Prague nalala usiku mmoja tu.

Safari iliyopita nilibadilisha fedha dirishani stesheni, nikapunjwa vibaya. Kilichoniuma zaidi ni zile sarafu za chuma: kila duka la kubadilisha fedha nililoingia walipokea noti tu. Hadi leo zimo kwenye kopo nyumbani.

Safari hii nategemea kadi ya benki. Shida ni kwamba ATM huuliza nikatwe kwa sarafu ya nchi niliyopo au ya akaunti yangu. Mara ya mwisho nilichagua ya akaunti, makato yakawa makubwa kuliko nilivyotarajia.

Je, nichague sarafu ya nchi niliyopo kila mara? Na kwa usiku mmoja Prague, nitoe koruna kidogo au kadi inatosha, hata kwa choo cha stesheni?

Natanguliza shukrani.