Tupeane uzoefu: mliponunua programu ya kusimamia ubora kazini, aliyeulizwa ni nani?

Minofu_Mwanza
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia ubora kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mwaka huu tunabadilisha programu ya ubora, ile ya kutunzia kumbukumbu za joto, usafi, kasoro na mafunzo ya wafanyakazi, na mimi nimo kwenye kamati. Kabla sijaandika neno kwenye ripoti nataka kusikia yaliyowakuta wengine. Naanza na yangu.

Kazi yetu inaishi kwa kumbukumbu. Walioanza zamani hapa ziwani hawajasahau miaka ya 1997 hadi 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja. HACCP, ule utaratibu wa kudhibiti hatari kwenye chakula, ina kanuni 7, na ya 7 ni kuweka maandishi: usichokiandika, mkaguzi anahesabu hukukifanya. Kwa hiyo uongozi uliponunua programu ya bei kubwa nilifurahi. Ilikuwa na grafu nzuri na ripoti za kila aina. Ila hakuna aliyewahi kuiingiza kwenye chumba cha kukatia minofu kabla ya kuilipia.

Mle ndani ni maji, barafu na glovu. Kishikwambi hakisikii kidole chenye glovu iliyolowa. Kuandika joto la samaki mmoja unapita kurasa sita, zote Kiingereza, na ukikaa kidogo inakutoa, unaanza na nenosiri upya. Binti aliyekuwa akipima joto akawa anaandika kwenye kipande cha boksi, anaingiza mwisho wa zamu. Boksi likilowa, anaingiza kwa kukumbuka. Siku moja nafungua grafu naona siku 11 mfululizo: 3.2, 3.2, 3.2. Joto la samaki halitulii hivyo, mlango ukiachwa wazi tu linapanda. Nikashuka chini na hasira zangu. Hakubishana. Akanivulia glovu zake, akanipa kishikwambi, akasema, "Kaka, jaza wewe."

Nilitumia dakika nne kwa kipimo kimoja. Yeye ana meza nane za kupima kila saa.

Sitaki kurudia hilo. Karibuni.

Darubini_Dar
Mkuu, umenigusa. Mimi ni mteknolojia wa maabara ya hospitali, Dar. Tulikuwa tunatafuta nyota za SLIPTA, ule mpango wa WHO kanda ya Afrika unaopima maabara kuanzia nyota 0 hadi 5 kwa kufuata ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba. Tukaletewa programu ya nyaraka: kila utaratibu ukibadilishwa, kila mtu aufungue, asome, abonyeze "nimesoma". Zikaja nyaraka 40 wiki moja, na foleni ya wagonjwa iko palepale. Watu wakabonyeza. Asilimia mia moja wamesoma, na hakuna aliyesoma.

Kubwa zaidi lilikuwa leseni. Uongozi ulilipia watumiaji 10, sisi tuko 26. Zamu ya usiku nzima ikawa inaingia kwa jina la mtu mmoja. Ikatokea sampuli imebandikwa lebo isiyo yake, wakafuatilia kwenye mfumo, jina lililotoka ni la dada aliyekuwa likizo ya uzazi. Aliitwa kuhojiwa akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Sijalisahau lile. Tuliponunua mara ya pili, swali langu la kwanza kwa muuzaji lilikuwa moja tu: watu 26 kila mmoja na jina lake ni shilingi ngapi? Grafu tukaziangalia baadaye.

ChaiYaMlimani
Hamjambo wanajamvi. Natoka Kericho, kiwanda cha chai. Sisi tulibahatika kwa sababu meneja wetu alianza kama karani wa kituo cha kununulia majani, anaijua ile kazi ya kusimama kwenye matope saa kumi jioni, wakulima wamekuzunguka na mvua yaja.

Kwenye kituo karani anakagua kama mkulima ameleta majani mawili na chipukizi, au amechanganya na yaliyokomaa. Muuzaji alikuja na programu ya tarakilishi yenye fomu ndefu. Meneja akamwambia, "Twende kituoni kwanza." Walikaa huko siku tatu. Makarani ndio waliosema wanataka nini: vitufe vikubwa, nambari ya mkulima itokee yenyewe, na programu ifanye kazi pasipo mtandao kisha itume ikifika kiwandani. Mmoja akasema jambo ambalo hakuna mkubwa angelifikiria: mkulima aone skrini pia, ndipo asidhani ameonewa. Wakaifanya igeuzwe upande wa pili wa mizani. Ugomvi pale kituoni ulipungua mno.

Haikuwa rahisi yote. Kuna mzee wetu mmoja, karani hodari sana, aliyechukua miezi miwili kuzoea. Tulimwachia daftari lake kando muda huo wote, hakuna aliyemharakisha. Leo ndiye anayewafundisha wapya.

Mama_Zamu
Naomba na mimi niseme. Mimi ndiye huyo mnayemzungumzia, wa chini kabisa. Nafungasha, kiwanda cha vyakula, sitakitaja.

Mnaongelea glovu na Kiingereza, ni kweli, lakini kuna hili. Programu yetu ukiandika kasoro, mfano pakiti hazijafunga vizuri, jina lako linatokea kwa rangi nyekundu kwenye skrini ya ofisini. Mwisho wa mwezi wanasoma nani ana nyekundu nyingi. Wangapi wataandika? Mimi niliandika mara mbili, nikaitwa mara mbili. Ya tatu niliziona pakiti nikazipitisha. Roho iliniuma, maana ni chakula kinakwenda kwa watoto wa watu. Mnapochagua hizo programu, ulizeni anayeripoti anaonekanaje kwa bosi wake.

Darubini_Dar
Mama_Zamu, pole sana dada. Hilo kwetu lilikuwa hivyo hivyo, ila kwa daftari. Mfumo wa sasa unaruhusu kuripoti bila jina. Miezi ya kwanza kasoro ziliongezeka, bosi akashtuka. Tukamweleza kuwa zilikuwepo tangu zamani, sasa ndio anaziona.

FundiKodi
Mimi nipo upande wa wauzaji, natengeneza na kufunga mifumo hii. Niseme ukweli wangu. Maonyesho yetu tunayafanya chumba cha mikutano, kuna kiyoyozi, intaneti haikatiki, na anayebonyeza ni mimi. Kila kitu kinaonekana chepesi. Mkatalieni. Mwambieni muuzaji atoe siku 30 za majaribio, mchague wafanyakazi wawili wagumu kuelewa, sio vijana wa simu, muwape kazi yao ya kawaida. Ninyi mkae pembeni kimya. Ukimwona anasimama anatafuta kitufe, andika. Usimsaidie.

Na uongozi ukiwaambia "mbona makarani wa Sensa ya 2022 waliweza vishikwambi", wajibuni kwamba wale walifundishwa kwanza, na fomu ilitengenezwa kwa ajili ya ile kazi yao. Halafu ulizeni mapema: mkataba ukiisha, kumbukumbu zetu tunaondoka nazo kwa namna gani? Nimeona kiwanda kikishindwa kupata rekodi zake chenyewe.

Sabuni_Moro
Sisi ni watu saba, tunatengeneza sabuni, tuna alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tunatumia daftari la kaunta na simu moja ya kupigia picha kila kundi la sabuni. Muuzaji mmoja alitutisha kwamba bila programu hatutapata cheti cha ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha kusimamia ubora. Nikaenda kukisoma mwenyewe: toleo la 2015 linataka taarifa zihifadhiwe na zipatikane, halilazimishi programu, na hata sharti la kuwa na mwongozo wa ubora liliondolewa. Kama daftari lenu linajazwa kwa ukweli, msilikimbie.

Minofu_Mwanza
Nashukuru sana wote. Sabuni_Moro, kwetu karatasi hazidumu kwenye maji, lakini nimekuelewa. Nimeongea na meneja leo: muuzaji yeyote atakayekuja ataanzia chumba cha kukatia, amevaa gambuti na glovu, na yule binti wa vipimo anaingia kwenye kamati. Mama_Zamu, wewe ungekuwa mimi, ungewaleta lini?

Mama_Zamu
Usiwalete saa nne asubuhi, hapo kila mtu ana nguvu na wakubwa wapo. Walete saa tisa usiku, mzigo ukiwa umejaa na watu wamechoka.