Mara ya kwanza kuvua wolai ziwa Mille Lacs, naombeni ushauri

Mwana_Ukerewe

Wakuu, heshima kwenu. Niko Brooklyn Park, Minnesota, na kila majira ya joto nachoka kuwasikia wenzangu wa kazini wakitambiana kuhusu wolai (walleye), huyu samaki wa jimbo waliyemjengea mpaka sanamu pale Garrison. Mwaka huu nami nataka. Mwezi wa sita shemeji yangu anakuja kutoka Texas, tutaenda Mille Lacs Jumamosi moja: mimi, yeye, mke wangu na kijana wetu wa miaka minane.

Nimekulia ziwani, sangara na sato nawajua, lakini kwa nyavu na migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Fimbo ya kuvulia yenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, sijawahi kuishika. Nilivyopanga ni hivi: tunakunywa chai, tunaondoka, tunakodi boti ndogo ya injini, tunakaa majini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi, tunarudi na kitoweo cha watu kama kumi na tano kwa ajili ya Jumapili. Vifaa gani ninunue? Chambo gani? Na leseni ni lazima kila mtu awe nayo?

BabaJuni

Karibu chamani mkuu. Saa umezigeuza. Hiyo nne hadi kumi ndiyo wakati wolai amelala zake chini anakusikilizia tu.

Huyu samaki nyuma ya mboni ana tabaka linalorudisha mwanga, ndiyo maana ukimmulika tochi jicho linawaka, kama la sangara. Kwenye mwanga hafifu anaona vizuri kuliko visamaki anavyovila, kwa hiyo anakula jua likizama, alfajiri, na usiku. Jua kali linamkera. Na Mille Lacs imezidi, maana tangu wale kome wadogo wenye mistari walipogunduliwa humo mwaka 2005 maji yamekuwa meupe, mwanga unafika mbali chini. Mchana unaofaa ni ule wenye mawingu na upepo wa kuvuruga uso wa maji. Ukiona ziwa limetulia kama kioo na watu wanapiga picha, funga vitu vyako kale chakula.

Mwezi wa sita huku jua linazama karibu saa tatu usiku. Nenda alasiri, anza kuvua kwenye saa moja jioni.

DadaWaStPaul

Naunga mkono, ila kabla ya kukaa mpaka usiku angalia kanuni za mwaka huo. Kuna miaka uvuvi wa usiku Mille Lacs ulipigwa marufuku.

Na hapo ndipo penye shida ya hao watu kumi na tano. Kaka, nunua kuku. Mille Lacs haifuati idadi ya jimbo zima, ina kanuni zake na zinabadilika, wakati mwingine katikati ya msimu. Mwaka 2015 walifunga uvuvi wa wolai mwezi wa nane, na 2016 msimu ulifunguliwa kwa masharti ya kurudisha kila wolai majini. Samaki wa ziwa lile wanagawanywa kati ya jimbo na makabila ya Ojibwe, wenyeji wa asili wa huku, kwa mkataba wa 1837 ambao Mahakama Kuu ya Marekani iliuthibitisha mwaka 1999. Upande wa jimbo ukimaliza fungu lake, wanakaza. Utasikia watu kwenye maduka ya chambo wakiwalalamikia wenyeji. Usiingie kwenye hayo mazungumzo, fungu la kila upande linajulikana na wenyewe walikuwepo kabla ya hizo boti zote.

Kwa hiyo soma ukurasa wa Mille Lacs kwenye tovuti ya Idara ya Maliasili, DNR, wiki hiyohiyo unayokwenda. Utakuta idadi na urefu kwa inchi. Beba rula. Aliye nje ya kipimo anarudi majini palepale, hata kama anavuja damu. Na msimpasue minofu kwenye boti: lazima afike nyumbani mzima na kichwa na mkia, ili askari akitaka kumpima ampime.

Leseni: kuanzia miaka 16. Wewe na mkeo mkate ile ya wanandoa. Kijana hahitaji. Shemeji wa Texas anakata ya mgeni, ipo ya saa 24. Pia mwezi wa sita kuna wikiendi moja ambayo mkazi wa Minnesota akienda kuvua na mtoto wa miaka 15 au chini, hadaiwi leseni. Shemeji hilo halimhusu, asijaribu.

nyangumi_mdogo

Mbona mnamtisha jamaa na mambo ya boti? Aende hifadhi ya jimbo ya Father Hennepin, pale Isle, alipie kibali cha gari, asimame ufukweni arushe. Mkazi akivulia ufukweni ndani ya hifadhi za jimbo hahitaji hata leseni. Hifadhi kadhaa zinaazima na fimbo, apige simu aulize.

MzeeKipara

Nyangumi, hilo ni sahihi kwa mwezi wa tano, wolai wanapokuwa bado karibu na ufukwe baada ya kutaga. Mwezi wa sita ukishakolea wengi wanahamia kwenye miamba ya mbali na kwenye yale matuta ya tope katikati ya ziwa. Ufukweni atapata sangara wadogo wa njano. Mtoto atafurahi, lakini si alichokiomba.

Mwanangu wa Ukerewe, boti ndogo ya kukodi siipendi kwa siku ya kwanza. Mille Lacs ina eka zaidi ya laki moja na thelathini elfu, lakini penye kina kabisa ni futi 42 hivi. Maji mapana, kina kifupi, upepo ukigeuka mawimbi yanasimama haraka. Wewe ni mtu wa ziwa, mkeo na mtoto je? Huko kuna boti kubwa za abiria wanazoziita lonchi, unalipia kiti, mnatoka jioni kwa saa chache, nahodha anajua samaki walilala wapi jana, na mara nyingi fimbo na chambo viko humohumo. Uliza unapokata nafasi. Mtoto wa chini ya miaka 10 sheria inamtaka avae jaketi la kuokolea boti inapotembea. Wewe vaa pia, hata kama uliogelea Ukerewe.

BabaJuni

Lonchi ndiyo jibu. Ila ajue anachokifanya na mikono yake, asikae kama mzigo.

Mkuu, usinunue duka zima. Fimbo nyepesi, rili ya kawaida, uzi wa nguvu ya ratili 6 au 8. Sheria ya hapa majini kiangazi ni mshipi mmoja kwa mtu, kwa hiyo migonzo yako iache kwenye kumbukumbu. Mwezi wa sita mimi natumia boya linaloteleza kwenye uzi, chubwi dogo chini yake, na ndoano ndogo. Chambo ni ruba. Ndiyo, ruba yuleyule. Mtoboe kwenye kile kinyonyeo kikubwa cha mkiani, mara moja tu, ili abaki huru kujinyoosha na kujikunja. Akijiviringa kama kifungo kwenye ndoano, mtoe, weka mwingine. Kwanza pima kina kwa chubwi zito, kisha funga fundo la kuzuia boya ili ruba aelee kama futi moja juu ya mawe.

Boya likizama, usivute kwa kushtuka. Wolai anameza kwa upole, boya linaondoka tu kimyakimya pembeni. Kunja uzi uliolegea mpaka usikie uzito, ndipo nyanyua fimbo kwa mkono mmoja uliotulia. Na usimtie kidole mdomoni, ana meno. Pezi la mgongoni lina miiba, ukingo wa kifuniko cha matamvua unakata. Lowesha mkono, mshike kwa juu nyuma ya kichwa.

Mwana_Ukerewe

Mmenipa darasa. Nimeshaweka nafasi ya lonchi, Ijumaa jioni badala ya Jumamosi mchana, na mtu wa kwanza kusikia habari za kuku ni shemeji. Swali: mke wangu ni mjamzito, kuna tatizo lolote kula hawa samaki?

DadaWaStPaul

Hongereni! Ale kwa mpango. Wolai anakula samaki wenzake, kwa hiyo zebaki inajikusanya kwenye nyama yake, na mkubwa anayo zaidi ya mdogo. Idara ya Afya ya Minnesota ina mwongozo maalumu kwa wajawazito na watoto chini ya miaka 15, kwa hiyo unamhusu kijana pia. Wenyewe wameandika aina ya samaki, urefu na mara ngapi. Mchapishie mkeo akaonyeshe kliniki.

MzeeKipara

Na siku utakayokwenda na boti yako: ukitoka majini chomoa kizibo, toa maji yote, na maji ya ndoo ya chambo yamwage, weka ya bomba. Ni sheria, kwa sababu ya hao kome.

Mwana_Ukerewe

Nimekuelewa mzee, shikamoo. Ruba wakibaki nawahifadhi wapi?

BabaJuni

Kwenye friji, kwenye kopo lenye maji, ubadilishe maji kila siku. Mwambie mkeo kabla hajalifungua.